Swali Lilisema Nyumbani Kwetu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ukutani pa duka la rangi, pale barabara ya soko inapokata kona. Ukikaa katikati linabonyea. Ukikaa pembeni, mwenzako akiinuka ghafla unakwenda chini, na wapo waliokwenda. Upande wa kulia pana kimeza cha fundi makufuli, ambaye watu wamemwita Funguo kwa miaka mingi hata mkewe akazoea. Upande wa kushoto Mama Birika ana jiko lake la mkaa na vikombe vyake vya kahawa. Katikati hukaa wale ambao kazi yao ni kujua kila kitu: Sekretari, karani mstaafu ambaye mpaka leo hatoki nyumbani bila kalamu mbili mfukoni, na Breki, mwendesha bodaboda ambaye abiria akimwita humwambia asubiri kwanza amalize hoja. Asubuhi hiyo saa nne ilikuwa imeshapita, na Funguo alikuwa hajakata hata ufunguo mmoja. Ameshika tupa ya kuchongea funguo mkononi, anatazama barabara.

— Kaka, leo vipi? Breki akaanza. Umemeza tupa au imekumeza?

— Mwanangu amepewa sifuri, Funguo akasema.

— Binti yako? Yule anayesoma mpaka karatasi za kufungia sukari? Sifuri ya hesabu?

— Ya insha. Sifuri juu ya ishirini. Na sasa hivi ninavyoongea na wewe amekaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye kiti, wenzake wanapita wanamwangalia. Haingii darasani mpaka nitie sahihi hii.

Akachomoa barua mfukoni mwa aproni, akaitupa juu ya kimeza katikati ya vyuma. Sekretari, ambaye akiona barua yenye mhuri damu humchemka, akaichukua akaisoma kwa sauti ya ofisini:

— "Mimi mzazi nakiri kwamba maandishi ya mtoto wangu ni ya upotoshaji, na naahidi kumwelekeza katika imani inayotambulika. Irudishwe kabla ya saa sita mchana." Hm. Mhuri wameugonga upande.

— Mhuri ndio ulichokiona, mzee? Mama Birika akamkata. Mtoto amekalishwa nje kama ndoo ya taka, wewe unaona mhuri!

Hapo inabidi mjue jambo moja ambalo kona nzima ilikuwa inalijua na kujifanya hailijui. Nyumbani kwa Funguo wanaabudu kwa namna aliyoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake. Hawana jengo, hawana kitabu, hawana mhubiri. Mwezi ukiandama, familia hutoka uani, huweka beseni la maji chini, na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, hutaja kwa sauti alichopewa tangu mwezi uliopita. Akimaliza ananawa uso. Basi, imekwisha, watu wanakwenda kulala. Katika mji wote familia za namna hiyo hazifiki kumi, na Funguo aliwafundisha wanawe mapema kwamba mambo ya uani yabaki uani. Fomu za shule zilipokuja, pale palipoandikwa dini, alipiga kistari.

— Swali lilikuwaje? Breki akauliza.

— "Eleza siku ya ibada nyumbani kwenu." Hivyo hivyo, neno kwa neno. Akaeleza. Mwalimu akapiga mstari mwekundu juu mpaka chini, akaandika, "Huu ni ushirikina. Andika upya kuhusu dini ya kweli."

— Subiri kidogo, Mama Birika akasema, birika likiwa limeinamia kikombe bila kumimina. Swali limeuliza nyumbani kwenu. Halikuuliza nyumbani kwa mwalimu.

— Ndicho ninachokisema tangu jana!

— Tangu jana umemwambia nani?

Ukweli ni kwamba jana alimfokea mkewe tu, na binti yake alichomwambia ni hiki: "Nilikukataza. Kwa nini hukuandika kama wenzako?" Maneno hayo yalikuwa yamemkaa kooni usiku kucha na asubuhi hii hata kahawa haikuyashusha.

Sekretari akajikohoza. Akijikohoza, jueni nadharia inakuja.

— Suala hili ni la kiutawala. Lazima huko juu kuna orodha ya dini, na kila dini ina namba yake. Mwalimu akisahihisha anatafuta namba. Asipoiona afanye nini? Mwalimu naye ni mtumishi. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Jembe limeingiaje hapo?

— Taratibu, mama. Jembe ni kazi. Na dini isiyosajiliwa ni mgeni. Ifanye kazi ya kujisajili.

— Mama yake mama yangu alinawa uso uani kabla hiyo ofisi yako haijapakwa chokaa, Funguo akasema. Nani mgeni hapo?

— Orodha uongo, Breki akadakia. Mimi nitawaambia ukweli, ila msinitaje. Ni wino. Shule zinaletewa kalamu nyekundu kwa maboksi, na zisipokwisha mwaka ukiisha hawaletewi tena. Sasa mtoto akipata zote, kalamu inaishaje? Lazima atafutwe wa kuchorwa juu mpaka chini.

— Breki, una wazimu.

— Nina wazimu, lakini hesabu mistari! Na tena kuna hili. Mtoto akianza kushukuru mwezi, mwingine naye ataanza. Mtaa mzima ukizoea kutoka nje kutazama mwezi, taa za ndani atawasha nani? Nani atapata hasara? Watu wa umeme! Fuatilieni, mtanikuta kijiweni.

— Mnamtafuta kila mtu ila aliyeshika kalamu, Mama Birika akasema. Kwenu nyinyi wawili mwalimu hana kosa. Kosa ni la orodha, kosa ni la maboksi, kosa ni la umeme. Mtu mzima amemwambia mtoto kwamba baba yako na mama yako ni waongo, nanyi mnahesabu kalamu!

— Hata mimi nimekasirika, mama, Breki akajitetea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Guu la nani sasa? La mtoto?

— La mwalimu mkuu. Si ndiye mkuu?

Wakacheka. Hata Funguo alitaka kucheka, uso ukakataa. Sekretari alipoona kicheko kimefungua mlango, akasogea karibu, akashusha sauti, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

— Lakini, fundi, hapa ni sisi kwa sisi. Usichukie. Hayo mambo ya beseni na mwezi... mtu wa nje akiyasikia, si lazima atashtuka kidogo? Watu wana macho. Mimi binafsi sijawahi kusema neno, ila nyumbani kwangu wamewahi kuniuliza kama, hivi, hamna kitu ndani yake. Kitu cha kichawi.

Funguo akaweka tupa chini. Aliiweka polepole mno, na Mama Birika akasogeza vikombe.

— Mzee, kufuli la geti lako nani alilitengeneza?

— Wewe.

— Ufunguo wa chumba unacholala na mama watoto, ulipovunjikia kitasani, nani aliuchonga mwingine?

— Si wewe, fundi.

— Breki, pikipiki yako ina funguo mbili. Wa pili ulitoka wapi? Mama, kabati lako la vikombe? Hakuna mlango mtaa huu ambao ufunguo wake haujapita katika vidole hivi. Ningetaka kuingia kwenu usiku ningehitaji uchawi? Mchawi gani huyo mnampa ufunguo wa nyumba, halafu mnaogopa beseni lake la maji? Miaka kumi na tisa nakaa nanyi hapa! Mkifiwa nakuja, nasimama nyuma, mnasali nami nainamisha kichwa, kwa sababu marehemu ni wenu na mimi ni jirani. Mmeniuliza lini nikifiwa mimi tunafanyaje? Hata siku moja. Mmeniuliza bei tu.

Sekretari alishika kalamu zake, akaziachia, akazishika tena.

— Umenena, Mama Birika akasema mwishowe. Na mimi nimo humo.

— Nisamehe, ndugu yangu, Sekretari akasema. Ulimi hauna mfupa.

Hiyo moja aliipatia, lakini hapakuwa na mtu wa kumpongeza.

Wakati huo kulikuwa na mteja amesimama mbele ya kimeza, mama mmoja wa makamo, mgeni kabisa pale, ameshika kufuli la stoo lililopotezewa ufunguo. Alikuwa amefika tangu wakati wa habari za wino, akaona mambo yamepamba moto, akasubiri kistaarabu. Breki, ambaye kimya humwasha kama upele, akaanza tena:

— Sasa tupange. Mimi naona asitie sahihi. Twende shule wote, tuwajaze uwanja.

— Atie sahihi, Sekretari akasema, kisha aandike rufaa. Mtoto asikae nje. Ukitia sahihi chini ya shinikizo, haihesabiki.

— Inahesabika kwa mtoto! Mama Birika akafoka. Karatasi hiyo ataiona, na jina la baba yake chini.

— Basi ahamishwe shule, Sekretari akasema.

— Akifika huko wakimwuliza siku ya ibada?

— Adanganye! Breki akasema. Kwani shida iko wapi? Aandike ya watu wengi, apate ishirini.

— Nilitaka kumwambia hivyo, Funguo akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Jana nilikaribia kumwambia hivyo. Mwanangu, danganya, upate maksi. Shule ndiyo inayonifundisha mimi nimfundishe mtoto uongo. Mmeona dunia hiyo?

Yule mama mwenye kufuli akainua kidole, kama mwanafunzi.

— Samahanini jamani. Mimi mpita njia. Kwani huyo mtoto ameandika nini?

— Si tumeshasema, dada! Breki akamjibu. Ameandika mambo ya mwezi.

— Nimesikia. Lakini ameandikaje? Amesema nini hasa?

Breki akamtazama Sekretari. Sekretari akamtazama Mama Birika. Mama Birika akamtazama Funguo, na Funguo akatazama mkoba wake uliokuwa chini ya kimeza, ambamo daftari lilikuwa tangu jana jioni. Alikuwa ameliona. Alikuwa ameona sifuri, akaona mstari, akaona neno ushirikina, damu ikampanda na daftari akalifunga. Alikwisha kugombana kwa ajili ya insha ile na mkewe, na ukuta, na sasa na kijiwe kizima. Alikuwa hajaisoma.

Akafuta mikono mara mbili kwenye aproni, akatoa daftari, akalifungua pale penye wekundu. Akaanza kusoma polepole, maana mwandiko wa binti ulikuwa mdogo na mstari wa mwalimu ulipita juu ya maneno.

— "Siku ya ibada nyumbani kwetu ni siku mwezi unapoandama. Baba anatoka na beseni. Mdogo wangu anapenda kuanza kwa sababu akichelewa anasinzia. Hatuombi kitu siku hiyo. Tunasema tu tulichopewa."

Akafunua. Ukurasa wa pili ulikuwa msafi. Mstari mwekundu ulikuwa umeishia mwisho wa ukurasa wa kwanza, na huku hakukuwa na nukta ya wino wa mwalimu.

— "Mwezi uliopita mama alishukuru kwa sababu bibi amepona kifua. Mdogo wangu alishukuru viatu. Baba alisema anashukuru watu wa benchini, kwa sababu siku ambayo wateja hawaji wanamchekesha mpaka anasahau."

Breki akaangalia pembeni. Sekretari alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, na akaendelea kuifuta. Funguo alikohoa, akaendelea.

— "Mimi nilimshukuru mwalimu wetu wa Kiswahili. Siku niliyotapika darasani wenzangu walikimbia, yeye alipangusa mwenyewe kwa maji na matambara, akanipeleka nyuma kunawa, na hakumwambia mtu yeyote. Siku ile sikumwambia asante kwa sababu niliona haya. Kwa hiyo nimeandika hapa, kwa sababu najua hapa atasoma."

Insha iliishia hapo. Funguo akapitisha kidole juu ya mstari wa mwisho, na hakujali nani anamwona.

— Huyo mwalimu wa Kiswahili, yule mama akauliza, ndiye huyu aliyesahihisha?

— Ndiye.

— Na ukurasa huo ameufikia?

Sekretari hakuwa na orodha ya kutolea jibu hilo, na Breki hakuwa na nadharia. Mama Birika aliinua birika apate kitu cha kufanya. Likatoa matone mawili na mashapo, kahawa imekwisha.

Funguo akachukua ile barua, akaikunja mara nne bila kuisaini, akaitia ndani ya daftari.

— Saa ngapi sasa?

— Saa tano na nusu, Breki akasema. Panda nikuwahishe. Utawaambia nini?

— Sina la kuwaambia. Namwendea mwalimu. Namwomba anisomee ukurasa wa pili, yeye mwenyewe, kwa sauti. Na mwanangu atoke kwenye kile kiti aje asimame hapo asikie.

— Na kufuli langu? yule mama akauliza.

— Utanisubiri, dada?

— Nitasubiri. Nenda.

Akakaa benchini, katikati, pale panapobonyea, kufuli mapajani. Funguo alipanda pikipiki na aproni yake ya kazi, daftari amelibana kifuani kwa mikono yote miwili, na njiani alikuwa akirudia maneno ya kuomba radhi ambayo angemwambia binti yake kabla ya kumwambia mwalimu lolote.