Kidole Gumba cha Mkuu wa Chuo

Jumamosi, 23 Novemba 2024. Asubuhi ya mawingu, manyunyu kidogo hapa Kianda. Hotuba yangu ya mahafali, kama nilivyoisoma:

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wetu Bwana Muchiri, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Kibera na Kawangware, na ninyi wahitimu mlioketi kwenye mabenchi yaliyolowa: hamjambo?

Mnajiuliza kwa nini tuko nje huku ukumbini mwetu kunaimbwa. Mimi, mwalimu wa ujasiriamali, ndiye wa kueleza. Muhula huu Mkuu aliagiza kila mwanafunzi afungue biashara kwa simu na kutafuta mteja wa kweli, tena aanze na kilicho karibu naye, asingoje mtaji. Wengi walifanya mradi ilmradi: walipiga picha keki ya jirani, wakangoja kusifiwa. Lavender wa upishi alitazama huku na huku, akaona kitu kikubwa kisichotumika wikendi. Akakitangaza mtandaoni: ukumbi wa chuo, pamoja na chakula.

Familia moja ya Kawangware 46 ikaukodi kwa ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binti yao. Siku ya leo. Lavender yuko mle jikoni anapakua.

Je, aliomba ruhusa? Aliomba, kwenye kundi letu la WhatsApp, akataja ukumbi, siku na familia. Mkuu akajibu kwa kidole gumba. Wageni wetu, hapa chuoni kidole hicho ni sahihi na ni muhuri. Ndicho kilichoidhinisha likizo yangu ya uzazi. Ndicho pia kilichopokea habari kwamba choo kimeziba.

Asubuhi hii Mkuu alimwambia Lavender kwamba cheti chake kitabaki ofisini. Msichana akamuuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani mradi umefeli, ama umeomoka, umefanikiwa kupita kiasi?"



Nakupongeza, Mkuu: ni nadra somo kueleweka hivi. Lakini tukimnyima cheti, tutakuwa tumewafunza vijana hawa kwamba biashara ni ya kwenye picha tu, na mteja akija na mbuzi wake, afukuzwe. Kwa hivyo naliita jina lake kwanza. Lavender, vua aprona, uje mbele. Mkuu, safari hii tunaomba mkono mzima.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kuvumilia baridi.

Mkuu alimpa cheti, kwa mkono wa kushoto. Nililala saa nne na nusu usiku.