Uwineza Védastine, mama wa watatu ambaye hakuzaa

Ndugu, majirani na waumini wenzetu, familia imechelewa kukabidhi karatasi hii ya wasifu wa marehemu kwa sababu hatukuelewana juu ya jambo moja: tunamzika mtoto, au tunamzika mama?

Uwineza Védastine alizaliwa tarehe 14 Machi 1982 huko Uvira, Kongo, kifungua mimba wa Ladislas Niyitegeka na Nyiramahoro. Wazazi wake, waliokulia ukimbizini, walirudi Rwanda na watoto wao mwishoni mwa 1994, wakapewa kiwanja hapa Nzahaha.

Alisoma Uvira hadi darasa la nne, akaendelea hapa hadi la sita. Oktoba 1996 baba yake alivuka mpaka kurudi Uvira kumchukua bibi yao, vita vikamkuta huko, hakurudi. Februari 1998 mama yao alifariki kwa homa ya matumbo. Védastine, kabla hajatimiza miaka kumi na sita, aliweka daftari chini akabaki na wadogo zake Delphin, Christelle na Izabayo, aliyekuwa wa miaka minne.

Alilima, na kila siku ya soko alibeba maharagwe kichwani hadi mpakani Ruhwa. Mwaka 2000 alikwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Mkuu wa shule akamwambia, “Nimeita bazazi, siyo batoto. Rudi, umuite maman yako.”

“Directeur, maman ni mie. Izabayo akikojoa kitanda, ni weye unafulaka mashuka?”

Watu waliangua kicheko. Akapewa nafasi kwenye benchi la akina mama.

Mwezi uleule, shirika lililosaidia yatima lilimfuta katika orodha, kwani alishatimiza miaka kumi na minane. Naye baba yake mdogo, Damascène, akaendelea kushika shamba la kaka yake aliyepotea vitani, kwani msichana ambaye hajaolewa bado ni mtoto. Védastine mwenyewe hakuulizwa na mtu.

Siku moja jirani yake, Maman Feza, alimkuta nyuma ya nyumba akiruka kamba na Christelle. “Ee, Védastine! Na kitenge chote hicho?” Aliitupa kamba migombani, akajifunga kitenge upya, akasema anamfundisha mtoto. Maman Feza hakumwona akiruka tena.

Mwaka 2002 Cirhuza, mchuuzi wa Bukavu, alikuja kumposa, akasema atamchukua yeye na Izabayo tu. “Kwani mie niko na mutoto mumoja?” alimjibu. Hakuolewa.

Alianza kukohoa Aprili 2003. Alifariki hospitalini tarehe 9 Julai, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka ishirini na mmoja.

Jana Damascène aliagiza kipande cha kaa lililozimika kiwekwe kaburini, kama wazee wetu walivyomfanyia aliyekufa bila kuzaa. Delphin, wa miaka kumi na sita, akasimama mlangoni.

“Papa mudogo, kaa ni la muntu hana batoto. Sasa sisi tuko nini?”

Damascène alifungua kinywa amwambie kwamba mtoto haulizi hivyo. Neno “mtoto” likamkwama. Kaa limerudishwa jikoni.

Tunasema bila kuficha: tulikosa. Palipokuwa na mzigo, tulimwita mtu mzima, na palipokuwa na haki yake, mtoto. Utoto wake uliisha lini, hakuna kati yetu anayeweza kutaja tarehe.

Ameacha watoto watatu: Delphin, Christelle na Izabayo. Ameacha pia baba mdogo, Damascène.

Mungu ampe usingizi ambao hakuna mtoto atakayeukatiza.