Viti Viwili vya Tullybeg

Wasikilizaji wapendwa, epua birika hilo kwanza, lisiendelee kupiga mluzi. Sogeza kiti, kaa. Leo habari yenyewe ni ya viti.

Bi Netta Geddes hayupo tena. Narudia, kwa mliochelewa kufungulia redio: Bi Netta Geddes, wa bonde letu la Tarvie, amefariki. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita, hospitalini Kirkmallan, akiwa na miaka themanini na moja. Tumemzika Jumamosi. Nimeombwa niseme kwa upole. Nitajaribu, lakini sikuahidi mtu.

Mnamjua. Yule mama mfupi, ndoo mkono mmoja, fagio mkono mwingine, anapanda njia ya Tullybeg kila Jumamosi asubuhi. Kila Jumamosi. Miaka thelathini na nne. Mvua, theluji, visubi vikimla masikio, yeye anapanda tu.

Wageni wa likizo walimwona msafishaji. Na alikuwa msafishaji kweli. Lakini Tullybeg ndiko alikozaliwa. Ile nyumba ya mawe juu ya kijito, yenye mlango wa bluu siku hizi, ile iliyo kwenye kila picha ya matangazo. Alizaliwa mle ndani, chumba cha chini, karibu na moto.

Baba yake alikuwa mchunga kondoo. Nyumba ilikuwa ya kazi. Mchunga kondoo akifa, nyumba inampokea mchunga kondoo mwingine, ndivyo ilivyokuwa. Baba akafa mwezi wa pili. Mwisho wa mwezi wa tano familia ikatakiwa iwe imetoka. Netta alikuwa na miaka kumi na sita. Mdogo wake, Dod, kumi na tatu.

Mzee Dod ananiambia hivi: "Trekta ya jirani ilijaa. Vitanda, sufuria, kuku ndani ya kapu. Vikabaki viti viwili alivyochonga baba mwenyewe. Mama akasema viacheni, tutavirudia. Unajua watu wanavyosema tutarudia."

Hawakuvirudia. Nyumba ikauzwa, ikauzwa tena, ikawa nyumba ya likizo. Viti vikabaki. Siku hizi vinaitwa mapambo. Vimekaa pande mbili za moto, na wageni wanavipiga picha.

Basi Bi Netta akapata kazi ya kusafisha nyumba aliyotolewa. Wasikilizaji wapendwa, sijui mtu analiwekaje hilo kifuani. Yeye aliliweka. Wageni wanatoka saa nne asubuhi, wengine wanaingia saa kumi jioni. Katikati hapo anabadilisha mashuka, anasugua choo, anachota majivu, anavipaka viti vile nta mpaka ving'ae. Na hakuvikalia. Mkate wake alikula nje, juu ya ukuta, hata ikinyesha.

Binti yake Rhona alianza kumsaidia magoti yalipomchoka. Anasema alimwuliza siku moja, "Mama, si ukae tu dakika mbili? Nani atakuona?"

"Nitajiona mimi," akajibu. "Siku nikikaa hapa, sitainuka. Watanikuta wageni, wataniandika kwenye kile kitabu chao."

Kitabu cha wageni alikisoma kila Jumamosi, akicheka peke yake. Wageni wanaandika waliona bonde gani, ngome gani, kanisa gani lililobomoka kule Kirkmallan, walikula nini. Mmoja aliandika: "Hapa mtu unaisahau dunia." Bi Netta akamwambia Rhona, "Sisi ndio tuliosahauliwa na dunia. Lete kitambaa, huyu kamwaga mvinyo."

Mwezi wa saba akaugua. Mwezi wa nane ikajulikana hatapona. Akaomba kitu kimoja. Hakuomba dawa wala kasisi. Alimwambia Rhona, "Nitolewe kwa mlango wa nyumba niliyozaliwa."

Hilo tu. Jeneza lake litoke kwa mlango wa Tullybeg. Huku kwetu maiti anatoka nyumbani kwake, na nyumbani kwake yeye palikuwa pale. Ile nyumba ya halmashauri aliyokaa miaka hamsini aliiita "pale ninapolala."

Rhona akapiga simu ofisi inayokodisha nyumba. Akajibu dada mmoja mwenye sauti tamu.

"Pole sana, mpenzi. Lakini Tullybeg imejaa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi."

"Siombi wiki. Naomba siku moja."

"Tunakodisha Jumamosi hadi Jumamosi tu."

"Mama yangu hatahitaji hata taulo," Rhona akasema, akakata simu.

Bi Netta akafa Jumatatu. Jumanne Rhona akakaa jikoni kwake na Mzee Dod, chai imepoa. Ndipo akasema, "Mjomba, kuanzia saa nne mpaka saa kumi nyumba ile haina mgeni. Saa sita nzima. Ufunguo ninao mimi."

Mzee Dod akamtazama. "Utamwingiza mama yako kwa wizi?"

"Namwingiza kazini. Jumamosi ni siku yake."

Ikawa hivyo. Jumamosi asubuhi gari jeusi la Mzee Wattie, mzishi wetu, likangoja nyuma ya zizi. Wageni waliokuwamo wakatoka saa nne na robo, na mbwa wao, na baiskeli juu ya gari. Wakaliona gari jeusi. Wakalipungia mkono.

Jeneza likaingia Tullybeg. Likawekwa juu ya viti viwili, vile vya baba yake. Ghorofani, Rhona anatandua mashuka. Chini, majirani wanaingia mmoja mmoja, wanamgusa paji la uso, wanaaga. Na sikilizeni hili: wote walivua viatu mlangoni. Sakafu ilikuwa imepigwa deki kwa ajili ya wageni wa saa kumi. Kasisi alisoma zaburi yake amevaa soksi, moja ina tundu. Hakuna aliyecheka. Bi Netta angecheka.

Saa nane akatolewa. Kwa mlango wa nyumba aliyozaliwa. Mzee Dod mbele, miguu ya dada yake ikitangulia. Alichoomba alikipata. Ningependa niishie hapo.

Lakini huku kwetu jeneza likiinuliwa, viti vilivyolibeba vinapinduliwa, miguu juu. Wenyeji mnajua. Nawaeleza nyinyi mlio kwenye nyumba za likizo, mkitusikia wakati mnakaanga mayai. Viti havisimamishwi mpaka udongo umfunike marehemu. Ukikisimamisha mapema, umemkaribisha arudi kukaa.

Rhona akavipindua. Nyumba inang'aa, maua mezani, maziwa kwenye friji, na viti viwili miguu juu mbele ya moto.

"Na hivi?" Mzee Dod akauliza.

"Maziko ni saa nane na nusu. Nitarudi kuvisimamisha kabla ya saa kumi."

Angerudi. Kwa barabara yetu ni dakika ishirini na tano tu hadi makaburini. Ila mbele ya gari la maiti likaingia gari moja la wageni, la kulala ndani, kubwa kama ghala. Likasimama katikati ya njia. Ng'ombe wenye nywele ndefu walikuwa ukingoni, watu wakashuka kupiga picha. Mzee Wattie akapiga honi. Wakampungia mkono naye. Wakapiga picha na gari la maiti. Halafu gari lao likazama tope, tukalisukuma sisi, tumevaa suti za msiba.

Bi Netta akashushwa kaburini saa tisa na dakika arobaini. Kamba nane, watu nane. Rhona akaiachia kamba yake, hakungoja supu wala chai, akapanda pikapu ya mjomba wake.

Walifika saa kumi na dakika tano. Gari la wageni lilikuwa limeshaegeshwa. Mwanamume mmoja akatoka kwa mlango wa bluu, kikombe mkononi, mpole kabisa.

"Wewe ndiye msafishaji?"

"Ndiyo."

"Nyumba nzuri sana. Ila ulisahau viti viwili, vilikuwa kichwa chini. Usijali, mke wangu amevisimamisha."

"Saa ngapi?"

"Samahani?"

"Alivisimamisha saa ngapi?"

Yule bwana akatazama saa yake. "Tuliwahi kidogo. Saa tisa na nusu hivi."

Saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu Bi Netta alikuwa bado juu ya nyasi, kamba hazijashikwa.

Rhona akasema asante. Ndiyo, alisema asante, ndivyo tulivyolelewa bonde hili. Juzi ofisi imemwandikia: wageni wameridhika, isipokuwa viti viwili, tafadhali wakati mwingine awe makini. Alinisomea barua kwa simu. Nikamwuliza, nikusemee nini redioni?

"Sema sikusahau," akaniambia. "Basi. Sema Rhona hakusahau."

Nimesema.

Wasikilizaji wapendwa, rambirambi zetu ziende kwa Rhona, kwa Mzee Dod, na kwa kila aliyevua viatu mlango ule. Mungu amlaze Bi Netta Geddes pema. Na sisi wengine tukae tufikiri kidogo. Bonde hili lina nyumba thelathini na moja. Jioni za mwezi wa kwanza ni sita tu zinazowasha taa. Ukiikuta nyumba safi, jiulize nani alizaliwa ndani yake.

La mwisho ni la Mzee Dod. Nilimwuliza kama aliogopa aliposikia viti vilisimamishwa mapema. Alicheka mpaka akakohoa.

"Niogope nini? Wamemwita wenyewe. Miaka thelathini na nne anaving'arisha, hajakalia hata kimoja. Acha akae."

Kwa hiyo, wageni wetu mlioko Tullybeg wiki hii, karibuni. Mkirudi kutoka ngome leo jioni mmelowa, kiti kile cha upande wa dirisha msikitundikie makoti. Kina mtu.