Maneno ya Luhende Kizimbani

Mwaka ule wa tisini na nne, kijiwe cha kahawa mbele ya mahakama ya zamani, Mwanza mjini, kilikuwa na hoja moja tu: jengo linauzwa, linavunjwa, wenye hela wapandishe ghorofa la maduka. Mzee Masalu hakuchangia sana. Alikuwa mkalimani humo miaka ishirini na sita, akigeuza Kisukuma kuwa Kiswahili, ndiyo maana wakamwita Midomo Miwili. Alinywa kahawa yake taratibu, akiyatazama yale matao ya barazani na kuta za mawe, nene kiasi cha mtu kujinyoosha dirishani akalala.

— Hawalivunji ng'o! alisema Venant, fundi mwashi, kwa jina la kijiweni Sementi. Mjerumani alikoroga chokaa kwa mayai. Usukuma nzima haikula kuku miaka miwili.

— Mayai kitu gani? alidakia Oyoo, muuza sangara waliyemwita Redio. Chini kuna njia inatokea ziwani. Hakimu akiharibu kesi, anaibukia Igogo.

— Na maji yasiingie? Sementi aliuliza.

— Kuna mlango, bwana!

— Basi na hukumu za Mjerumani zimo ukutani. Ukibomoa tu, zinaanza kazi upya. Mji mzima ndani!

Masalu alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Nyie mnasema kuta, mimi naikumbuka sauti. Dari lile la mbao, mtu akikohoa kizimbani, barazani wanamsikia. Nikisimama na tai yangu, nikifungua mdomo, hata nje wananyamaza. Siku hizi nani anamnyamazia mtu?

Walikuwa bado wanacheka mama mmoja alipovuka barabara, kanga mabegani.

— Shikamooni. Namtafuta mzee Masalu, aliyekuwa mkalimani.

— Marahaba. Umempata.

— Naitwa Suzana, natoka Kiseke. Nimesikia wanavunja, nikasema nije kabla. Baba yangu alifungwa hapa mwaka sitini na moja, kesi ya ng'ombe. Luhende. Alifia gerezani, mimi nikiwa mgongoni.

Masalu aliweka kikombe chini. Alimkumbuka: mrefu, miguu mitupu, mikono yote miwili imeshika mbao ya kizimba. Alisema kwa Kisukuma, kwa muda mrefu, bila kupaza sauti. Hakimu akatazama saa.

— Mama aliniambia baba alijitetea, Suzana alisema. Ni kweli, mzee?

Angeweza kusema ndiyo, akaishia hapo. Redio na Sementi walikuwa wanamtazama, na mama yule alikuwa amekuja kwa hilo tu.

— Alijitetea, mwanangu. Alisema mengi. Ila hakimu alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa kijana, namwogopa. Nikasema neno moja: "Anakana."

Suzana alikaa kwenye benchi, pale Sementi alipomsogezea nafasi, akalitazama jengo.

— Hayo mengi, aliuliza, yalikuwa yapi?

Masalu alifumba macho. Aliiona mikono, akaiona ile mbao iliyolainishwa na viganja vya watu. Midomo ya Luhende ilikuwa inacheza. Akasubiri, akasubiri tena.

— Sikumbuki, alisema.