Bustani ya Kirivu

Sikilizeni wanangu, maana pumzi inanikimbia. Kuna jambo limenishinda miaka arobaini na mitano: kwa nini mtu niliyemfungia mlango kwenye theluji aliniuliza kama kikohozi cha mama yangu kimepona.

Mnamjua kwa jina tu, Daktari Lindstrom, mmisionari aliyepanda ile bustani ya matufaa. Miaka kumi na tisa alitutibu macho, akahubiri, asibatize Mkurdi hata mmoja. Naye alikuwa na makosa yake. Aliketi na mabwana waliotukamua, na watoto wetu wakajifunza kwake kucheka sala za bibi zao. Lakini nilitahiriwa mapajani pake, damu yangu ikadondokea kitambaa chake, na kwetu hilo humfanya mtu kirivu, ndugu asiyefungiwa mlango hadi kufa.

Vita vilipotufikia alikuja na mkewe mgonjwa juu ya punda, pamoja na Shamiran, msichana yatima wa Kiashuri waliyemlea. Niliogopa askari watatuchomea nyumba wakijua tumewaficha Wakristo. Hofu hiyo huenda ningesamehewa. Lakini niliongeza dhihaka: "Nenda kwa Yesu wako akufungulie!" Ndipo akauliza habari za mama.

Yeye na mkewe niliwakuta wameganda chemchemini. Shamiran peke yake alifika mjini akiwa hai, na aliporudi kudai bustani nilimwambia kirivu humrithi kirivu, mila ileile niliyokuwa nimeivunja. Tangu hapo amekuwa mkunga wa wajukuu zangu wote, wala hajanitaja kwa mtu. Wamisionari waliandika kwao kwamba mioyo ya Wakurdi ni migumu. Wengine waliwaonea, mimi hawakunionea.

Unasemaje, Rostem? "Baba, bustani ndiyo inayotulisha." Najua, mwanangu. Nimekulisha wizi tangu uache ziwa. "Na watu watatucheka." Wacheke! Perwin, acha kulia, niinue kidogo.

Hati ya bustani imo sandukuni mwa mama yenu. Mpeni Shamiran kabla hamjaniosha. Msimwombe anisamehe, msimtwike na hilo tena. Mungu awape... awape watoto wasioona haya kutaja jina la baba yao. Maji, Perwin... kidogo tu...

Hakuyanywa. Rostem na Perwin walibishana kando ya maiti hadi maji ya kuoshea yakapoa, wakakubaliana bustani irudi kwa mwenyewe. Aliyevaa viatu akapeleka hati ni Rostem.