Chupa ya Evarista Gwandu

Dada yetu Evarista Gwandu alizaliwa Mbulumbulu tarehe 3 Mei 1941, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Gwandu na Mama Katarina. Alisoma hapa hapa, kisha Karatu, na mwaka 1964 akahitimu mafunzo ya maabara.

Tangu 1966 alifanya kazi katika maabara ya hospitali. Watoto wenye mawe kwenye figo ndio waliomkaa moyoni. "Jiwe likitolewa bila kujua limetokana na nini, litarudi," alisema. Alihitaji mkojo wote wa mtoto, asubuhi hadi asubuhi ya pili, apime chokaa na asidi. Mara moja Nanyokie, mama kutoka Ngorongoro, alimletea chupa nusu.

"Punda alishtuka, dada. Nyingine imebaki njiani."

Evarista alicheka hadi machozi. "Basi tuanze upya, mama."

Lakini watu walisema anayehifadhi mikojo ya watoto ni mchawi. Walimwita Mama Chupa. Wachumba wawili walikuja, wakasikia hayo, wakarudi kwao. Hakuolewa. Krismasi alikula peke yake, na majirani aliowapimia watoto wao hawakunywa chai yake.

Mwaka 1979 mwanangu Yohana, wa miaka sita, alitolewa jiwe. Dada alinipa chupa, nikairudisha imejaa. Majibu yakawa mazuri, kwa hiyo hakupewa dawa wala masharti ya chakula. Agosti 1981 mawe yaliziba figo zote mbili, Yohana akafariki. Tangu hapo dada aliketi benchi la nyuma kanisani. Kila tulipoonana alisema, "Piusi, nisamehe. Sijui nilikosea wapi kupima." Nami nilimjibu, "Yameisha, dada."

Aliugua ini kuanzia Oktoba 1987. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Februari 1988, saa kumi jioni, nyumbani kwake, akiwa peke yake. Chini ya mto tulikuta karatasi ya majibu ya Yohana, imechakaa kwa kukunjuliwa.

Yafuatayo nimeomba yachapwe katika wasifu huu, nisije nikayaruka wakati wa kuusoma. Niliogopa maneno ya watu. Mkojo wa mwanangu niliumwaga shambani. Uliokuwa kwenye chupa ulikuwa wangu.

Ameacha mama yetu Katarina, mimi mdogo wake, na watoto wengi walio hai kwa sababu wazazi wao walimletea chupa za kweli.

Pumzika, dada. Hukukosea kupima.