Haragwe kwa Simu

OPERETA: Nakuru, ongea na Elburgon. Dakika tatu tu!

HADIYA: Haloo? Ni nani huyo? Dada?

MASTURA: Ni mimi, Mastura! Salaam aleikum, mdogo wangu. Tumbo?

HADIYA: Aleikum salaam. Wacha tu! Hapa ofisi ya mbao karani amesogeza meza ndio nipite. Yako?

MASTURA: Hii ya nne inapiga teke kama punda. Sasa sikia, Mama amekataa kuchagua. Anasema tunazaa mwezi mmoja, na yeye hawezi kujikata vipande viwili.

HADIYA: Lakini hii ni ya kwanza, dada! Nani ataniangalia siku arobaini? Naogopa.

MASTURA: Na ile ya tatu si ilitaka kunizika? Mimi pia naogopa.

[Waya unakwaruza.]

MASTURA: Basi tufanye vile tulikuwa tukigombania ukoko wa wali. Niko dukani kwa Mjomba Abdisalam, nimetoa haragwe kwa gunia. Iko ndani ya ngumi. Ukipata, Mama anakuja kwako. Mkono gani?

HADIYA: Kwa simu? [Anacheka.] Si utaniibia mchana!

MASTURA: Mama yuko hapa. Ndiye shahidi.

MAMA: [Kwa mbali] Naona!

HADIYA: Ngoja, ngoja. Ulikuwa unapenda mkono wa kulia. Halafu ukajua nimejua, ukahamia kushoto —

MASTURA: Halafu nikajua umejua nimejua —

HADIYA: Nyamaza, nafikiria! Sema "kulia".

MASTURA: Kulia.

HADIYA: Sema "kushoto".

MASTURA: Ku… kushoto.

HADIYA: Ahaa! Umemeza mate!

OPERETA: Mimi ningesema kulia.

HADIYA: Wewe nani amekuuliza? Kushoto! Dada, kushoto!



MASTURA: Umepata.

HADIYA: Uongo! Mama! Mama, ni kweli?

MAMA: Kushoto iko, nimeiona na macho yangu.

HADIYA: Uuuwi! Karani, nimeshinda! Nimeshinda, jamani! … Dada? Umekasirika?

MASTURA: Nani, mimi? Nimepaliwa tu. Shika, ongea na Mama.

MAMA: Hadiya, nitapanda gari la moshi Jumatatu.

HADIYA: Dada ameenda wapi?

MAMA: Nje, kupangusa uso. Sikia haraka kabla hajarudi. Mkono wa kulia pia ulikuwa na haragwe.

HADIYA: Nini?

MAMA: Zilikuwa mbili. Moja kila ngumi. Usimwambie nimekuambia.



OPERETA: Dakika zimeisha.

HADIYA: Ngoja! Huyo mwizi, nampenda mpaka nataka kumpiga! Mama, usipande gari lolote —

OPERETA: Nakata, mama.

HADIYA: Nakuja mimi huko! Bwana yangu atajipikia! Tutazaa chumba kimoja, wewe ukae katikati, mwambie dada atandi—

[Trrrr.]

MAMA: Haloo? Hadiya? Alikuwa anasema nini mwisho?

OPERETA: Imekatika, mama. Lakini mimi nimesikia. Tandika kitanda cha pili.